Je, Ni Huruma Kumwua Mgonjwa Anayeteseka?

Liko swali ambalo wengi huliuliza kwa sauti ya chini, tena mbali na masikio ya padri. Mama mzazi ameshikwa na kansa. Usiku kucha analia, naye anawasihi wanawe wamalize taabu yake. Je, mwana akimtii, atenda dhambi?

Kanisa hujibu: ndiyo, kwa kuwa uhai ni mali ya Mungu. Ubelgiji, nchi iliyotuletea wamisionari wengi, iliruhusu jambo hilo kwa sheria mwaka 2002. Lakini Papa Yohane Paulo II alikuwa amekwisha kulihukumu waziwazi mwaka 1995, na Amri ya Tano haibadilishwi na bunge.

Walakini jibu hili, likiachwa peke yake, ni nusu ya mafundisho. Wako Wakristu wanaomwacha mgonjwa apige kelele, ati abebe msalaba wake. Sivyo! Mwaka 1957 Papa Pius XII aliwafundisha madaktari kwamba, pasipo njia nyingine, ni halali kutuliza maumivu kwa dawa hata kama yaweza kufupisha maisha, mradi nia si kuua. Mwaka huohuo alisema pia kwamba hatudaiwi matibabu yaliyo mzigo mzito kupita kiasi. Hili latuhusu sana sisi maskini. Mzee anayekataa shamba la wanawe liuzwe ili apasuliwe tena bila tumaini la kupona, hajiui. Mwana akimtii katika hilo, asisumbuliwe na dhamiri.

Tena, mara nyingi anayeomba kufa anaogopa kuwa mzigo. Hapa Kanyaruchinya, tangu mwaka 2022 hata mwanzo wa mwaka 2025, maelfu waliokimbia vita vya Rutshuru waliishi katika vibanda vya maturubai juu ya mawe ya volkano. Mahali kama hapo, ambapo maji na unga hupimwa, mgonjwa huhesabu kila kikombe anachonyweshwa. Akisema, "Afadhali nife," huenda anauliza, "Je, mngali mnanitaka?" Atakayemjibu kwa sumu amemjibu, "Hapana."

Kwa jirani zetu wa Uganda, shirika la Hospice Africa, lililoanzishwa na Daktari Anne Merriman mwaka 1993, hutengeneza mofini ya kunywa, na wauguzi waliofundishwa wana ruhusa ya serikali kuwaandikia wagonjwa. Kwetu hupatikana kwa shida. Ndugu wa mgonjwa waiulize hospitalini kwa jina lake, tena mapema, maumivu yangali madogo.