Dawa kwa Asiyeugua

Msomaji, upande wa mashariki wa Nairobi uko mtaa ambao jina lake ni agizo. Mitaa mingi huitwa kwa majina ya watu, mito au miti. Mtaa huu umeitwa Huruma. Ni mtaa wa nyumba za ghorofa zilizosongamana, kamba za nguo zimetanda rosheni hata rosheni, na jamaa nyingi zinaishi katika chumba kimoja kimoja.

Usiku wa tarehe 29 Aprili 2016, baada ya mvua kubwa, nyumba moja ya ghorofa iliyojengwa karibu na mto ilianguka mtaani humo. Watu wapatao 50 walikufa. Waokoaji walichimbua kifusi usiku na mchana. Siku ya nne mtoto mchanga alitolewa akiwa hai. Siku ya sita wakatolewa hai watu wengine wanne, wakati ambapo wengi walikuwa wamekwisha kata tamaa. Hapakuwa na haja ya kumwuliza aliyefukiwa dini yake, kabila lake, wala siri za moyo wake. Alikuwa mtu, na hilo lilitosha.

Habari hii nimeileta mbele yako kwa makusudi. Kumhurumia mtu aliye chini ya kifusi ni jambo jepesi, kwa kuwa kila mmoja analiona jiwe lililomlemea. Lililo gumu ni kumtendea haki mtu ambaye mwenendo wake au moyo wake hatuukubali. Wako watu ambao mioyo yao huvutwa kwa watu wa jinsia yao wenyewe. Je, ni haki mtu wa namna hiyo, hasa akiwa kijana, kutiwa kwa nguvu au kwa hila katika tiba ya kumgeuza? Na je, yafaa serikali ipige marufuku tiba hiyo?

Tuseme yuko kijana wa miaka 16. Mama yake anauza mboga kando ya njia, na kwa kazi hiyo amemlipia karo tangu kidato cha kwanza. Siku moja mama aokota barua iliyoandikwa na mwanawe, na ndani yake aona siri ambayo kijana hakupata kumwambia mtu. Usingizi wamruka. Jamaa wakusanyika. Mjomba asema, "Dada, samaki mkunje angali mbichi. Niachie mimi na fimbo yangu." Jirani asema, "Mama, usimpige mtoto. Yuko mtu ajiitaye mshauri. Ukimlipa, atamponya kwa miezi michache." Wa tatu asema, "Huyu ana pepo. Afungiwe ndani siku tatu bila chakula, aombewe mpaka limtoke." Katika baraza lile wote walisema, ila yule ambaye habari ilimhusu.

Usifanye haraka kumhukumu mama huyu. Si mkatili. Anaogopa mambo matatu: anamwogopa Mungu, anaiogopa sheria, na anawaogopa majirani.

Kwa habari ya Mungu, hajasikia uvumi tu. Kanisa Katoliki hufundisha kwamba tendo la mapenzi baina ya watu wa jinsia moja halipatani na maadili. Maaskofu wa Kianglikana wa dunia nzima, katika mkutano wao wa Lambeth wa mwaka 1998, walitamka kwamba tendo hilo halipatani na Maandiko. Wanazuoni wa Kiislamu tangu zamani wamelihesabu kuwa haramu. Wapo waumini wachache, hata katika Nairobi, wasomao Maandiko kwa namna nyingine. Lakini mafundisho ayasikiayo mama yetu kila juma ni haya ya wengi.

Kwa habari ya sheria, kifungu cha 162 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kinatisha kwa kifungo cha hadi miaka 14, na tarehe 24 Mei 2019 Mahakama Kuu ilikataa kukifuta. Na kwa habari ya majirani, mtu aishiye katika chumba kimoja ajua kwamba kuta zina masikio.

Hofu zake zote tatu zina msingi. Walakini hofu yenye msingi yaweza kuzaa tendo lisilo la haki, na hapo ndipo yatupasa kusimama na kufikiri. Tumezoea kufunga pamoja maswali mawili ambayo hayana budi kutengwa. La kwanza lauliza: Je, jambo hili ni dhambi? La pili lauliza: Je, mtu ana ruhusa ya kumtendea nini mwenzake anayeamini kuwa ni mwenye dhambi? Ukilijibu la kwanza hujalijibu la pili. Ulevi ni dhambi kwa wengi wetu, lakini hatumruhusu mtu kumtia mlevi moto wa umeme ili aichukie pombe.

Mahakama zetu zimekwisha kutupa mfano wa kutenga maswali hayo. Mwaka 2015 wanaume wawili walikamatwa huko Kwale, wakapelekwa hospitali ili miili yao ichunguzwe kwa namna ya kuaibisha, ipatikane dalili ya kosa waliloshukiwa. Mahakama Kuu ya Mombasa ilikubali uchunguzi huo mwaka 2016. Lakini mwezi Machi 2018 Mahakama ya Rufani iliamua kwamba uchunguzi wa namna hiyo bila idhini ya hiari ulivunja haki zao. Angalia vema: mahakama haikusema kwamba kosa lile limeondolewa katika sheria. Ilisema kwamba hata mtu anayeshukiwa kosa hapotezi heshima ya mwili wake, na kwamba mkono wa mganga haufai kuwa fimbo. Mwaka uliotangulia Chama cha Madaktari cha Kenya kilikuwa kimekwisha kuupinga uchunguzi huo.

Basi tuipime tiba ya kugeuza kwa mizani tatu: ukweli, hiari na madhara.

Kwa ukweli, tiba yataka kwanza uwepo ugonjwa. Zamani wataalamu wengi waliamini kwamba upo. Mwanahisabati Alan Turing, aliyeisaidia Uingereza kufumbua siri za adui katika Vita vya Pili vya Dunia, alihukumiwa mwaka 1952 kwa uhusiano wake na mwanamume. Akachagua kudungwa dawa za homoni badala ya kufungwa gerezani, na miaka miwili baadaye alikuwa amekufa. Katika zama hizo wengine walipigwa umeme au kupewa dawa za kutapisha ili wachukie walichokipenda. Lakini mwaka 1973 chama cha madaktari wa akili cha Marekani kiliondoa jambo hili katika orodha ya magonjwa, na tarehe 17 Mei 1990 Shirika la Afya Duniani likafanya vivyo hivyo. Daktari Robert Spitzer, aliyechapisha mwaka 2003 utafiti wa kudai kwamba baadhi ya watu walibadilika, alikiri mwaka 2012 kwamba utafiti wake haukuthibitisha dai hilo, akawaomba radhi walioumizwa nao. Hata Exodus International, umoja wa Kikristo ulioanzishwa Marekani mwaka 1976 kwa kazi hii hii, ulifungwa mwaka 2013, na mkuu wake akaomba msamaha. Basi mtu anayepokea fedha za muuza mboga na kumwahidi kwamba mwanawe atageuka, anauza bidhaa asiyokuwa nayo. Dini zote hukataza mizani ya uongo sokoni. Haziwezi kuiruhusu katika chumba cha mganga.

Kwa hiari, fikiri juu ya toba. Toba ni mlango unaofunguliwa kwa ndani. Mkristo hufundishwa kwamba Mungu hutazama moyo. Mwislamu hufundishwa kwamba dini haiingizwi kwa kushurutisha, na kwamba amali hupimwa kwa nia. Kijana aliyefungiwa bila chakula atasema lolote atakalo mfungaji wake, kama vile mtu aliyeminywa kidole akirivyo wizi asioufanya. Toba iliyolazimishwa ni nguo iliyovikwa maiti: yamsitiri, wala haimtii uhai. Anayelazimisha hamwongezei Mungu mwumini. Amwongezea ulimwengu mnafiki mmoja.

Kwa madhara, wataalamu waliowachunguza watu waliopitishwa katika tiba hii wamekuta kwao huzuni nzito, hofu, kujichukia na, kwa wengi mno, fikira za kutaka kujiua. Tena kijana hupoteza kitu kimoja ambacho hakirudi upesi: imani kwa wazazi wake. Alikuwa na mlango mmoja wa kukimbilia wakati wa shida, nao ndio uliofungwa juu yake.

Lakini hoja haikamiliki mpaka umemsikiliza mshindani wako. Wenye kulipinga katazo wana maneno mazito, na yastahili jibu.

Wa kwanza asema: Yuko mtu mzima anayevutwa hivyo, naye mwenyewe ataka kuishi kwa utawa kulingana na dini yake. Je, mtamnyima shauri la padri wake au shehe wake? Hapana. Mtu huyo ana haki kamili. Katiba ya mwaka 2010, katika ibara ya 32, yalinda dhamiri na dini ya kila mtu. Kumsaidia mtu kuishika ahadi aliyoichagua si kumgeuza. Kumdanganya kwamba ana ugonjwa unaoponyeka ndiko kunakokatazwa. Vivyo hivyo mahubiri. Mhubiri asiyekubaliana na mapenzi haya na aseme katika mimbari yake. Sheria isiyoweza kutofautisha sala na fimbo, shauri na hila, ni sheria mbaya, na wapinzani wanafanya vema kuionya serikali.

Wa pili asema: Mtoto ni wa wazazi. Ni kweli wazazi wana mamlaka ya kulea na kufundisha dini. Lakini mamlaka hayo ni amana. Ibara ya 53 ya Katiba yamlinda mtoto na ukatili na desturi zenye madhara, hata zikitoka mikononi mwa wampendao. Mzazi anayemnywesha mtoto sumu akidhani ni dawa hatumwiti mwovu. Lakini chupa twamnyang'anya.

Wa tatu asema: Fikira hii ni ya kigeni. Ni kweli kwamba Malta ilipiga marufuku tiba hii mwaka 2016, Ujerumani mwaka 2020 kwa walio chini ya miaka 18, na Kanada mwaka 2022. Walakini kifungu cha 162 nacho kililetwa na watawala Waingereza wakati wa ukoloni, na tiba ya umeme nayo ilitoka katika hospitali za Ulaya na Marekani. Tukikataa kila kilichotoka ng'ambo, tutapoteza hoja za pande zote mbili. Afadhali kuuliza kama jambo ni la haki kuliko kuuliza limepanda meli gani.

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii. Kenya haina sheria inayoitaja tiba ya kugeuza kwa jina. Yafaa iwe nayo: ikataze kabisa kuwafanyia watoto tiba hiyo, ikataze nguvu na udanganyifu kwa kila mtu, na isiguse mahubiri wala shauri linaloombwa kwa hiari. Wala tusijidanganye kwamba katazo peke yake litatosha. Kijana ambaye akienda kushtaki kwamba amepigwa anaogopa atashtakiwa yeye mwenyewe, sheria kwake ni mwavuli ulio upande wa pili wa mto.

Huenda wewe msomaji hukubaliani nami katika dhambi wala katika sheria. Si kitu, insha haikuandikwa ili ufikiri kama mimi, bali ili ufikiri. Ila siku moja huenda rafiki yako wa darasani akakuambia siri ya namna hii, sauti yake ikitetemeka. Wakati huo hutakuwa bunge wala mahakama. Utakuwa mtu mmoja mbele ya mtu mmoja. Usiitangaze siri yake, usimcheke, wala usimwahidi dawa. Kama ameelemewa, mtafutie mtu mzima mwaminifu ambaye hatamdhuru.

Na yule mama, baraza likiisha kutawanyika, angali ana usiku mmoja wa kuamua. Ikiwa atawasikiliza waliosema, asubuhi kijana atapelekwa. Ikiwa atamwuliza asiyesema, hata kama hatakubaliana na jibu lake, asubuhi atakuwa bado ana mwana. Imani yake haimzuii kufanya hivyo. Kuta za nyumba zilipoanguka mtaani kwake, watu walianza kwa kunyamaza ili wasikie kama yuko anayeita kutoka chini. Hata yeye, huo ndio mwanzo.