Kujitegemea na Kupokea Msaada Wakati wa Maafa

Mtaa wa Bellevue, Johannesburg, unakaliwa na wahamiaji wengi wa Kiafrika. Mafuriko yakiwafika jamaa zao waliobaki nyumbani, huzuka swali: je, apokeaye msaada hupungukiwa na heshima?

Kimbunga Gonu kilipoipiga Oman mwezi wa Juni 2007, watu wapatao 50 walifariki, na serikali ikakataa kwa adabu misaada ya nchi za nje. Uwezo ilikuwa nao, ikaubeba mzigo wake. Ama Msumbiji, mwaka 2000, watu walikwama juu ya miti na mapaa, nayo nchi haikuwa na helikopta za kutosha. Helikopta za Afrika Kusini zikaokoa maelfu. Lau msaada huo ungalikataliwa, kiburi hicho kingalilipiwa kwa roho za wanyonge.

Basi kujitegemea ni wajibu wa mwenye uwezo, wala si fahari ya kuwanyima wanaozama. Mtu aweza kukataa kwa ajili ya nafsi yake. Akikataa kwa niaba ya wengine, ataulizwa. Na mwenye kutoa ajihadhari na masimbulizi, kwani hayo ndiyo yanayomvunjia heshima mpokeaji na kuibatilisha sadaka.