Risasi ya III na Mipaka ya Kipimo

Risasi ya .44 Magnum ukiibana kwenye kalipa haifiki inchi 0.44, kipenyo chake ni 0.429. Makarov ya Warusi huitwa ya milimita 9, kumbe risasi yake ina 9.27, ilhali ya Parabellum, nayo ya 9, ina 9.01. Mpimaji hodari basi hupima kwanza, kisha hutazama jedwali, na jedwali limejaa majina ya mazoea.

Hilo ni tatizo dogo. Kubwa ni hili: kaliba ikishajulikana, imethibitisha nini?

Tarehe 15 Aprili 1920, huko South Braintree, Massachusetts, majambazi waliwaua mlipaji mishahara wa kiwanda cha viatu na mlinzi wake. Wahamiaji wawili wa Kiitalia, Nicola Sacco na Bartolomeo Vanzetti, wakashtakiwa. Risasi sita zilizotolewa miilini zote zilikuwa za .32. Sacco alikamatwa na Colt ya .32, kama walivyokuwa nayo Wamarekani wengi wasio na hatia. Alama za mifereji ya mtutu zilisaidia zaidi: risasi tano zilikuwa na mzunguko wa kulia, moja, Risasi ya III, wa kushoto, kama Colt. Bado hiyo ni aina ya bastola, si bastola fulani.

Kapteni William Proctor wa polisi alieleza mahakama kwamba risasi hiyo ingeweza kuwa imetoka kwenye bastola ya Sacco. Wengi walisikia “imetoka.” Mwaka 1923 aliapa kwamba hakumaanisha hivyo, na kwamba swali aliloulizwa lilipangwa makusudi. Wanafikihi wana kanuni kwamba yakini haiondolewi na shaka, na asili ya mtu ni kutokuwa na hatia. Kwa kanuni hiyo, “ingeweza” ya Proctor haikutosha kumnyonga hata kuku.

Juni 1927 mtaalamu wa silaha Calvin Goddard, kwa hadubini ya kulinganishia, alisema risasi ile ni ya bastola ya Sacco. Uchunguzi wa 1961 ulikubaliana naye. Huenda walikuwa sahihi. Ila wapo wanaodai risasi ilibadilishwa kabla ya kesi, na hadubini haiwezi kuwajibu: inaona chuma, haioni mikono iliyokishika.

Vanzetti alikutwa na bastola ya .38. Hakuna hata moja kati ya zile sita iliyokuwa ya kaliba hiyo. Yeye na Sacco waliuawa kwa kiti cha umeme usiku mmoja, tarehe 23 Agosti 1927.