Upepo wa Kusi na Sifa za Wazee

Nilipokuwa mkuu wa chuo cha ualimu, niliwafundisha wanachuo kwamba wazee wetu wa pwani waliitunza bahari. Kaskazi, toka Novemba hadi Machi, bahari hutulia, na ngalawa huvuka mwamba kufuata jodari na nguru. Kusi ikivuma, mawimbi huwarudisha wavuvi ndani ya mwamba, kwenye tasi na pono, na samaki wa maji makuu hupumzika. Huo, nikasema, ndio ustaarabu.

Kijana mmoja, mwana wa mvuvi, akauliza: "Mwalimu, walijizuia au walizuiwa?" Nikamwamuru akae. (Siku zile nilikuwa na sauti kubwa.)

Ndugu msomaji, aliyefungiwa mlango hasifiwi kwa kutotoka. Babu yangu aliitaja kusi kwa laana, kwa sababu ya njaa. Leo mashine huvuka mwamba hata Julai, nasi twawalaumu vijana kwa kufanya ambalo babu angelifanya.

Nawafikiria watu wa Kisiwa Panza, Pemba, ambao wamekuwa wakifunga sehemu ya mwamba wao miezi kadhaa ili pweza akue. Maji ya bamvua yakitoka, pweza yuko hatua chache tu, wala hakuna upepo wa kuwazuia. Hapo neno kujizuia lina maana.

Yule kijana sikuwahi kumjibu.