Bei Anayoijua Mnunuzi Peke Yake

Nina rafiki niliyesoma naye madrasa Magomeni, ambaye sasa anaishi Chicago. Huko amejikuta mkusanyaji wa tuzo za zamani za santuri za dhahabu. Siku moja alinipigia simu na swali lililoninyima usingizi. (Suala la muziki wenyewe wanazuoni wameshalizungumza sana, leo siliingii.)

Tuzo hizo ni fremu za kioo, ndani yake mna santuri ya rangi ya dhahabu na kibati chenye jina la aliyepewa. Mwaka 1942 kampuni ya RCA Victor ilimtunuku Glenn Miller santuri kama hiyo baada ya wimbo wake kuuza zaidi ya nakala milioni moja. Mwaka 1958 chama cha kampuni za kurekodi za Marekani, RIAA, kikaanza kuthibitisha mauzo rasmi, na wimbo wa kwanza kutunukiwa ukawa wa Perry Como. Si dhahabu tupu, ni bamba lililopakwa dhahabu juu juu. Mara nyingine santuri iliyomo hata si ya wimbo uliotajwa kwenye kibati! Nakala nyingine walipewa mameneja na watangazaji wa redio. Thamani yake, basi, haimo katika madini. Imo katika ushahidi kwamba jambo fulani lilitokea na fulani alishiriki.

Sasa swali. Mama mmoja mjane alitaka kuuza tuzo ya marehemu mumewe, aliyekuwa mtangazaji wa redio. Alitaja dola 40. Rafiki yangu alijua fika kuwa wakusanyaji wenzake wangetoa mamia ya dola. Akaniuliza: "Sheikh, ninyamaze nilipe, au nimwambie?"

Jibu langu la kwanza lilikuwa jepesi. Nikamwambia bei ni makubaliano, yeye ametaja, wewe umeridhia, hakuna aliyemlazimisha mwenzake. Tena wewe umetumia miaka kujifunza kutofautisha tuzo halisi na ya kughushi. Je, elimu hiyo uigawe bure?

Nilipokata simu nikaona nimekosea. Sote twajua kuwa Mtume (s.a.w.) alikataza watu kuutokea msafara nje ya mji na kununua bidhaa kabla wenyewe hawajafika sokoni. Kwa nini? Mwenye msafara naye anataja bei na kuridhia, wala halazimishwi. Lakini ridhaa yake imejengwa juu ya kutojua, na mnunuzi ameiwahi ili ainufaikie. Ndiyo maana muuzaji huyo amepewa hiari ya kuvunja biashara akishafika sokoni na kuijua bei. Mama yule hajafika sokoni. Rafiki yangu ndiye aliyemtokea njiani.

Atakayesema kuwa hivyo tunaua faida ya mjuzi, namuomba atofautishe. Akinunua kwa mfanyabiashara wa vitu hivyo, ambaye kazi yake ni kujua bei, mambo ni mengine. Wote wawili wako sokoni. Na hata kwa mjane anaweza kupata faida ya halali, kwa kumweleza bei ya soko, kisha amuombe punguzo kwa kuwa analipa taslimu na kumwondolea usumbufu wa kutafuta wateja. Faida hiyo anaweza kuitaja mbele yake. Ile ya kwanza hawezi, na hapo ndipo pa kujipimia.

Kuna jingine. Rafiki yangu huyu hulalamika sana juu ya wauzaji wanaobandika kibati kipya kwenye fremu kuukuu na kunyamaza. Anataka muuzaji aseme anachokijua. Kwa mizani gani basi yeye, akiwa mnunuzi, aruhusiwe kuficha?

Nilimpigia tena asubuhi, nikamwomba radhi kwa jibu la jana, nikamweleza haya. Hakufurahi. Hata hivyo alikwenda kwa yule mama akamwambia ukweli.

Mama alinyamaza kidogo, kisha akasema kwamba alidhani ni pambo tu la kioo, na kumbe kazi ya mumewe ilikuwa na watu wanaoithamini. Akairudisha ukutani. Rafiki yangu akaondoka mikono mitupu, na hadi leo hunitania kuwa nina deni lake.

Deni hilo nimelikubali. Wallahu a'lam.