Njia ya kisimani ni ya nani?

Hapa kambini memori kadi ni sanduku la nyumbani: picha za harusi, nyimbo za kwaya, vyeti vilivyopigwa picha kabla havijaloa. Unaitoa kwenye simu, unaichomeka kwenye kompyuta ya jirani, inafunguka. Inafunguka kwa sababu vyombo vyote viwili vinajua mpangilio mmoja wa mafaili. Uliozoeleka zaidi unaitwa FAT.

Zamani FAT ilikubali jina la herufi 8 tu, na 3 za aina ya faili. Mwaka 1995, katika Windows 95, Microsoft ikaleta ujanja: faili moja majina mawili. "Barua ya Mama.doc" ikapata na jina fupi, BARUAY~1.DOC, ili programu za zamani ziweze kuisoma. Ujanja huo ulipewa hataza Marekani, yaani haki ya kuwazuia wengine wasiutumie bila ruhusa.

Februari 2009 Microsoft iliishitaki TomTom, kampuni ya Uholanzi inayotengeneza vifaa vya kuonyesha njia kwenye magari. Vifaa hivyo viliendeshwa na Linux, programu huria ambayo yeyote anaweza kuichukua, kuibadilisha na kuigawa. Mwezi uliofuata wakapatana: TomTom ilipe, na ndani ya miaka 2 iondoe ujanja ule wa majina.

Sibishi, mvumbuzi ale jasho lake. Fundi akibuni jiko linalokula kuni kidogo, alipwe. Lakini jiko lake nikilikataa, mafiga yangu yapo. FAT utaikataaje, wakati kifaa kisichoijua hakisomani na kompyuta za watu? Thamani yake haikutoka kwenye ujanja wenyewe (tuseme kweli, ni mdogo), imetoka kwetu tulioizoea. Mtu anadai ushuru kwa kuwa alifyeka wa kwanza njia ya kisimani, kumbe miguu yetu ndiyo iliyoifanya njia.

Na anayegawa bure atalipaje leseni kwa kila nakala? Hata idadi yake haijui. Mwaka huohuo Andrew Tridgell aliandika marekebisho ili Linux ihifadhi jina moja tu, refu au fupi. Akili kubwa namna hiyo, kazi yake kuzunguka ukuta!

Agosti 2019 Microsoft ilichapisha maelezo ya exFAT, mpangilio wa kadi kubwa, ikakubali uingie Linux. Nimefurahi, kweli. Ila sisi tunaotoka getini kwa kibali tunajua kibali si haki. Je, wangekataa? Watu wa Linux wangengoja hataza ziishe muda, na hataza hudumu miaka 20.