Kabla ya Majivu

Wapendwa mume na mke, huko Uingereza Jumanne inayotangulia Jumatano ya Majivu ilikuwa siku ya kuungama. Hata jina lake la Kiingereza latokana na neno la kale la kuungamisha. Zamani mayai, maziwa na siagi havikuliwa wakati wa Kwaresima, basi vilimalizwa kwa kupika chapati za maji. Hadi leo Waingereza huzila siku hiyo kwa limau na sukari.

Angalieni: moyo na jiko vilisafishwa pamoja. Je, nyumbani mwenu mmeweka akiba ya kinyongo? Jumanne hiyo, kabla ya kulala, ambianeni, "Nisamehe." Kisha mwende mkaungame. Kufunga huku mmenuniana ni kushinda na njaa bure.